Injini ya Baba Mkwe

Mwenzangu upo? Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Unalijua lile gari la michezo la zamani la baba mkwe, lile jekundu analolifuta kila asubuhi? Leo kaja mnunuzi. Baba mkwe akaniita nilikague nilikadirie bei, si ndiyo kazi yangu. Akajigamba, "Injini ni ile ile ya kiwandani!"

Nikainama, nikasoma namba ya injini. Haifanani na ya kwenye kadi ya gari. Nikasoma tena. Haifanani! Na mdomo wangu huu nikasema kwa sauti, "Hii injini imebadilishwa."

Mnunuzi akasema, "Basi natoa nusu. Gari kama hili thamani yake ni injini liliyozaliwa nayo."

Baba mkwe akauliza nani kaigusa. Mume wangu anatazama viatu. Mama mkwe akajibu, "Mimi. Iliungua ulipokuwa safarini."

Mama mkwe! Hata kuendesha hajui!

Nikakimbilia huku chooni. Mume wangu kanifuata mlangoni. "Toka, useme ulisoma vibaya."

Niseme nilisoma vibaya! Nikamwambia, "Siwezi. Ni wewe uliyeiunguza, sivyo?"

"Ni mimi. Mama alinifichia."

Mara nikasikia mtu anakohoa. Baba mkwe, nyuma yake!

Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema tu, "Kamwombe mama yako radhi. Na wewe binti yangu, andika ulichokiona kwenye ripoti ya ukaguzi."

Natoka kuandika.