Wembe wa Baba Nyaboke

Jumatatu, 3 Juni
Mvua tangu saa nane. Nimemnyoa mume wangu tena, maana mkono na mguu wake wa kulia bado vimelala tangu kiharusi. Wembe wake wa kukunja unakwaruza. Nikiupitisha kwenye shavu la kushoto anakunja uso. La kulia, ametulia. Daktari alisema upande huo ukianza kuhisi, tuwe na matumaini. Nimemgusa pale kwa kidole, akasema anasikia. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 5 Juni
Nimeharibu. Nimenoa wembe kwa jiwe la visu vya kupogoa chai, nikauinua kidogo na kusukuma kwa nguvu, kama nilivyozoea shambani miaka yote. Makali yamekuwa meno. Nilipogusa shavu la kushoto machozi yalimtoka, akageukia ukuta. Hataki wembe wa dukani. Hataki kunyolewa na mtu mwingine. Ni mwanamume wa kujipenda, ndevu zinamwaibisha kuliko ule mguu. Najichukia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshuka Kapsoit. Kinyozi mzee wa pale stendi ameutazama wembe, akacheka.
"Mama, hii umenoa kama panga. Ilaze kabisa, mgongo na makali zote ziguse jiwe. Halafu kwa mshipi wa ngozi, uvute mgongo ikiwa mbele."
Ameondoa mapengo mwenyewe kwa jiwe laini. Akanikanya nisiuweke na maji, huku kwetu kutu haichelewi. Jioni nimeuvuta kwenye mshipi wa ngozi, polepole, mpaka ukakata unywele wa mkono wangu bila kuuvuta. Kwa mara ya kwanza wiki hii nina amani.

Jumamosi, 8 Juni
Amekataa kunyolewa. Uji ameurudisha. 

Jumapili, 9 Juni
Amekubali, tena kabla ya ibada. Taulo ya moto, sabuni nyingi, mkono mwepesi. Shavu la kushoto limeisha bila yeye kukunja uso. Nikahamia kulia. Wembe ukateleza chini ya taya. Nimemkata, na si kidogo. Damu ilishuka hadi kwenye kola. Yeye amefumba macho, ametulia tu.
"Leo hujaniumiza hata kidogo, Mama Nyaboke," akasema.
Nimebana kitambaa pale mpaka damu ikakoma. Nimemwambia ni povu ninalopangusa. Nimemvalisha shati lingine, lile lenye damu nimeliloweka kwa maji baridi. Hajauliza.