Kwa Mama Mkwe Aliyekataa Nirudishwe Nyamira

Mpendwa Mama,

Nyumbani nilikuita "baba", kama lugha yetu ya Ekegusii inavyomwita mama. Hapa nakuita Mama, ili watakaosoma barua hii wasidhani namwandikia mume wako.

Mjukuu wako amezaliwa. Naanza na habari hiyo kwa sababu nakujua: usingesikiliza nyingine yoyote kabla yake.

Unaikumbuka mimba yangu ya kwanza, ile ambayo haikuwa mimba? Nilikuwa bado mgeni hapo Marani, nimeolewa juzijuzi tu kutoka kwetu Nyamira. Tumbo likaanza kujaa upande wa kushoto. Nikilala natoka jasho mpaka shuka zinalowa, na nikipanda mlima na kikapu cha majani chai nahema kama ajuza. Ulinitazama, ukatabasamu. Kesho yake ukaninyang'anya mkungu wa ndizi. "Weka chini. Kuanzia leo mizigo ni ya Momanyi." Mume wangu akaubeba mkungu huku akijichekea, naye akiamini kama wewe.

Hospitalini mjini Kisii tulikwenda mimi na wewe, kwa kuwa ulitaka kuyasikia mapigo ya moyo wa mjukuu kwa masikio yako mwenyewe. Daktari, mwanamke mpole, alinipapasa tumbo. Kilichovimba, alisema, ni bandama. Damu ikapimwa, kisha ikapelekwa mbali kupimwa tena. Tulipoitwa kuchukua majibu akatuambia ni lukemia, saratani ya damu. Ulinishika goti ukalibana mpaka likauma.

Alitueleza polepole. Ndani ya kila seli kuna jeni, maagizo yanayouongoza mwili. Moja yake, iitwayo ABL, hutengeneza protini inayopokea ujumbe na kuupitisha, ili seli ijue wakati wa kugawanyika na wakati wa kutulia. Katika seli moja tu kwenye uboho wa mifupa yangu, jeni hiyo ilikatika, ikahama mahali pake, ikaungana na nyingine iitwayo BCR. Tangu hapo ujumbe haukuzimika tena. Gawanyika, gawanyika, gawanyika. Na kila seli iliyozaliwa ilizaliwa na kelele hiyohiyo.

"Amezaliwa nayo?" uliuliza.

"Hapana, mama. Imetokea baadaye, akiwa tayari anaishi duniani. Hakuirithi kwa wazazi wake, na watoto wake hawatairithi kwake."

"Sema hilo tena."

Akalisema tena. Sikuelewa kwa nini ulitaka lirudiwe. Nilielewa Jumapili, wazee wa ukoo walipoketi sebuleni kwako, na kaka mkubwa wa marehemu mume wako akazungumza.

"Tuliulizia ukoo wao kabla ya ndoa," alisema. "Hakuna aliyetuambia wana damu mbaya. Huyu msichana arudishwe kwao Nyamira. Momanyi ni kijana, ataoa mwingine."

Momanyi akasema, "Mimi simwachi." Lakini sauti yake ilimezwa na za wazee. Mimi nilikuwa jikoni, kila neno linanifikia. Ndipo nikasikia kiti chako kikisogea.

"Kwaya yetu mnaijua," ulisema. "Mwimbaji mmoja akiacha kuutazama mkono wa mwalimu, wimbo unakwisha, yeye bado anaimba. Akifundisha wengine, nao hawajui kunyamaza. Hicho ndicho kilicho ndani ya damu ya mtoto huyu. Hakukitoa kwao. Kingeweza kumpata yeyote kati yetu. Dawa ya kumziba mdomo huyo mwimbaji ipo. Na kama ni lazima mtu aende Nyamira, basi tutakwenda wawili, na chai mtajichumia wenyewe."

Hakuna aliyecheka ila mimi, kule jikoni, huku nalia.

Dawa niliimeza kila siku baada ya chakula. Ilinipa kichefuchefu, na asubuhi niliamka macho yamevimba. Kwenye kituo cha kupimia majani chai wanawake wakaanza kunong'ona kwamba Momanyi ananipiga. Ukapaza sauti foleni nzima isikie: "Ni dawa! Mwanangu huyu hata kuku hawezi kumchinja!" Momanyi aliona haya, akawa hapiti tena hapo kituoni mchana. Mpaka leo nikikumbuka hucheka peke yangu.

Miaka ikapita. Bandama likanywea, damu ikatulia, na vipimo havikuiona tena ile jeni iliyoungana. Nikauliza habari za mtoto. Daktari hakunificha: dawa ingeweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo ningeisitisha, huku nikipimwa damu mara kwa mara. Jeni ikirudi mapema, tungerudi kwenye dawa na mtoto angesubiri. Momanyi aliogopa. Wewe ulikuwa unachambua mboga za chinsaga, ukaniambia bila kuinua macho, "Nataka mjukuu, sikufichi. Lakini binti ninaye tayari. Ukiamua kutozaa, sitakuuliza kamwe."

Kwa maneno hayo niliamua bila kusukumwa na mtu. Nikaisitisha dawa.

Kabla sijashika mimba, moyo wako ukasimama ukiwa shambani, asubuhi yenye ukungu. Hatukuwa tumejiandaa, Mama. Sote tulidhani mimi ndiye nitakayetangulia.

Basi nikueleze usiyoyaona. Mimba ilikuja. Kila nilipokwenda kuchukua majibu, jeni ile haikuonekana. Mtoto alipozaliwa, baba mkubwa, yule aliyetaka nirudishwe, alikuja na kuku mkononi. Akampakata, akamtazama sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na damu yake?"

"Ni safi, mzee. Ugonjwa wangu haurithiwi."

"Mama Momanyi alituambia," akasema. "Nilimsikia vizuri. Nilikataa tu kukubali." Mtoto akamkojolea suruali, naye hakumrudisha.

Juma lililopita nimeambiwa jeni imerudi. Ni kidogo sana, daktari anasema, tumeiwahi. Lakini lazima nianze dawa tena, na anayeimeza hanyonyeshi. Mtoto ameshazoea uji, ila jioni ile alitafuta ziwa akalia, nami nikalia kumshinda. Momanyi alimbeba, akazunguka naye kwenye migomba akimwimbia vibaya nyimbo zako zote, mpaka akalala. Nikameza kidonge. Siogopi kama nilivyoogopa mwanzo. Kinachoniuma ni kwamba hukuwapo nikuambie.

Jambo moja limebaki. Watu wote hapa walitaka mtoto aitwe jina lako, lakini amezaliwa mvulana, kwa hiyo ni Nyakundi, kama mume wako. Jina lako, Kemunto, tumeliweka. Nimemuuliza daktari kama damu ikitulia tena, miaka ijayo, ninaweza kujaribu mara nyingine. Hakusema ndiyo. Alisema, "Tutazungumza."

Nami sijampa mtu mwingine jina hilo.

Lala vyema, Mama.

Mkaza mwana wako, uliyemwita binti,
Moraa