Kinyongo Ambacho Sikuwa Nacho

Falealili,
Upolu, Samoa.
14 Agosti

Mpendwa Kaka Falaniko,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Brisbane hamjambo, na baridi yenu? Mkeo Peti na watoto wanaendeleaje? Mimi mwili mzima; moyo usiuulize.

Mama hajaanguka kifafa tena. Daktari amemwachisha vile vidonge vya kumbukumbu ulivyokuwa ukituma. Anasema kuna utafiti uliovihusisha na kifafa kwa baadhi ya wagonjwa, na mtu aliyewahi kuumia kichwa kama Mama alitakiwa kuangaliwa kwa karibu.

Nilimpigia Peti kumpa habari hiyo, nikidhani ni mpya. Akasema, "Wifi, Falaniko alionywa na muuza dawa siku ile ile aliyovichukua. Aliogopa mkijua mtaacha kumpa, na Mama ndiyo kwanza ameanza kumtambua kwenye simu."

Kaka, wewe! Mama alipoangushwa mara ya pili tuliketi mkekani, kama ukoo wetu unavyoketi kila mgonjwa akishindikana, ili mwenye kinyongo naye akiri, apate kupona. Simu tuliiweka katikati, nawe ukisikiliza kutoka Brisbane. Baba mdogo Taliaoa akauliza, "Nani ana hasira na huyu mama? Aseme, tusizungushane!" Shangazi Saunoa akanirukia: "Si huyu Lagimaina, kila siku midomo imevimba utadhani kaumwa na nyuki? Sema, mtoto we, unamuua mama yako!"

Sikuwa na hasira yoyote. Nilikuwa nimechoka tu, kama anavyochoka yeyote anayefua mashuka ya mgonjwa kila asubuhi. Lakini Mama alikuwa amelala pale, povu halijamkauka mdomoni, nikakiri uongo ili apone. Nikasema namchukia. Nawe ulisikia yote, ukajibu, "Asante, dada. Mungu akusamehe." Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu hapo Shangazi hataki nibaki na Mama peke yangu. Kanisani wananiachia benchi zima, hakuna anayeketi karibu nami.

Sitaki zawadi, wala maelezo ya simu. Njoo uketi mkekani useme ulichokijua, na Mama awepo asikie. Jina langu amelisahau, hata kifo cha Baba amekisahau. Lile nililolisema hajalisahau. Kila nikimpelekea uji wake wa mchele na kakao huniangalia usoni kwanza, akauliza, "Binti, bado unanichukia?"

Nisalimie Peti, Sefo na Malia. Baba mdogo anakusalimu sana, bado hajui. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa uchungu huu,
Lagimaina