Mbio za Mngeta

Ifakara, 11 Juni 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, ila mapaja yananiuma. Kifua cha mama kinaendeleaje?

Jumamosi tulishindana kwa baiskeli, kutoka hapa mpaka Mngeta na kurudi. Baba, njia ile ni nzuri jamani! Milima upande mmoja, mbuga upande wa pili, nyasi bado mbichi. Lakini changarawe inateleza, na kwenye mchanga gurudumu linazama. Mngeta niligeuza wa kwanza. Nikaingia Ifakara peke yangu. Karani Donati alipofika, mimi nimeshanawa uso.

Ndipo msimamizi wa kiwanda chetu cha pamba, ambaye ndiye mkuu wa mashindano na bwana wa Donati, akasema, "Huyu amepanda lori. Mbeba magunia hawezi kumshinda karani wangu." Donati akatazama viatu vyake. Akapewa kombe. Mimi nikapewa blanketi la mshindi wa pili, nikasema ahsante bwana.

Mwanao,
Kelestini


Masagati, 1 Julai 1956

Mwanangu Kelestini,

Marahaba. Kifua cha mama yako kimepoa. Mwili wangu haujambo, roho ndiyo imechafuka.

Kama ulipanda lori, blanketi la nini? Kama hukupanda, kombe liko wapi? Watu hao wanatuona sisi mbuzi?

Lakini aliyeniudhi zaidi ni wewe. Umeitwa mwongo mbele za watu, ukashukuru! Ahsante ya nini, Kelestini? Rudisha blanketi lao. Ukishindwa, usiniandikie.

Baba yako,
Pantaleo


Ifakara, 16 Julai 1956

Baba,

Shikamoo. Nashukuru mama amepata nafuu.

Kukasirika ukiwa Masagati ni rahisi. Msimamizi humwoni, hakuoni. Mimi namwona kila asubuhi, na pesa ya dawa ya mama inatoka mkononi mwake. Unadhani sikuumia? Nilitaka kumrushia baiskeli! Nikameza. Sasa hata wewe unanitukana.

Sirudishi.

Mwanao,
Kelestini


Ifakara, 27 Agosti 1956

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia. Umenyamaza tangu Julai. Mama hajambo? Hilo tu ungeweza kuniambia.

Blanketi nimelirudisha, na si kwa ajili yako. Wiki iliyopita, tukigawiwa kazi, msimamizi aliniuliza, "Bwana Lori, leo unabeba au unabebwa?" Wenzangu wakacheka. Nikaenda chumbani kwangu Mlabani, nikarudi nalo, nikalibwaga mezani kwake. "Sikupanda lori. Chukua mali yako." Akanifukuza palepale.

Donati akanifuata mpaka getini. "Kelestini, lori lile lilitupita sote. Nililiona. Hukuwamo."

"Uliona ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Mkono ulinijia nimpige. Nikamwambia, "Basi usiniambie mimi. Kayaseme sokoni."

Akaenda, Baba! Akasimama kati ya wauza samaki, akasema yote. Watu wakachachamaa. Fridolin, muuza samaki wa kule kivukoni, akapaza sauti, "Tushindane upya! Bila kombe, bila msimamizi!"

Jana tumeshindana. Barabara ilijaa watu. Mngeta kina mama walitumwagia maji vichwani. Donati naye alikuja, na hakuna aliyemzuia.

Nikashindwa. Tulikuwa tumekaribia mjini, mnyororo ukanilia, nikainama kuutazama, Fridolin akanipita darajani. Nililia kwa uchungu. Kisha akaja akanishika bega, "Umenitesa sana leo," na hakuna mtu aliyetaja lori.

Sina kazi tena. Mwishoni mwa Septemba nakuja nyumbani kwa baiskeli. Hasira yangu kwako bado haijaisha, kwa hiyo nikifika usinihubirie.

Mwanao,
Kelestini


Masagati, 9 Septemba 1956

Mwanangu Kelestini,

Marahaba, marahaba. Mama yako hajambo, amekasirika kuliko mimi, tena kwa sababu yangu. Anasema nilikusukuma kisha nikakaa kimya. Anasema kweli.

Msimamizi huyo asithubutu kukanyaga huku. Na wewe! Mtu anainama kutazama mnyororo akiwa darajani, mwenzake yuko nyuma yake? Mnyororo ukilia si uachwe ulie?

Hilo tutalizungumza. Kuhubiri sihubiri. Fika Mlimba unisubiri hapo, nakuja kukupokea. Kutoka Mlimba njia imeharibika, baiskeli haiendeshiki. Tutaibeba kwa zamu.

Baba yako,
Pantaleo