Panya Uliyemwacha Leningrad

Baba,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na wewe ndiye mtu pekee nisiyeweza kumpigia simu nikamwambia.

Nadia amekuja. Ndiyo, Nadia wako. Alitokea siku ya khitma yako, pale ukumbini Barking, hapa London, mwanamke wa makamo mwenye pua yako, kajitanda mtandio mweusi kama mtu aliyejifunza kujitanda ndani ya treni. Mzee Hamdani, uliyesoma naye Leningrad, ndiye aliyempelekea habari huko Berlin Nadia anakoishi siku hizi. Kumbe mzee miaka yote alikuwa akiwasiliana na mama yake Nadia. Nadia akanijia moja kwa moja, akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: "Mimi ni binti yake. Wa kwanza."

Nikacheka, Baba. Watu wameinua mikono ya dua, mimi nacheka. Kisha nikamtazama Mama, nikaona hashangai.

"Nilijua kabla hajanioa," aliniambia jioni tukiosha masufuria. "Alisema yamekwisha. Na mimi nikakubali yamekwisha."

Sasa naielewa ile bale, ile dansi ya Kirusi ya jukwaani isiyo na maneno. Kila Desemba ulikuwa ukinivalisha koti zito, tunapanda treni Stratford, tunakwenda kukaa juu kabisa kwenye viti vya bei ndogo, kumtazama yule msichana anayepewa mwanasesere wa mbao usiku wa Krismasi. Waislamu wawili wa Barking katikati ya mabibi wa Kizungu na wajukuu wao wenye magauni ya mahameli. Mama hakuja hata mara moja. "Sina haja na panya wenu," alikuwa akisema. Nikadhani ni dini.

Na wewe ulinisimulia historia ya bale ile kana kwamba ni ya ukoo wetu. Kwamba ilizaliwa mji ule ule uliosomea uhandisi wa meli. Kwamba mwanzoni Warusi wenyewe hawakuifurahia, wakalalamika jukwaa limejaa watoto. Kwamba wachezaji waliokimbia mapinduzi ndio walioibeba kuja huku, na Waingereza wakaifanya yao, hadi leo Krismasi haitimii bila hiyo. "Ni mkimbizi kama sisi," ulisema, "ila mwenzetu alipata makaratasi mapema." Nikakuuliza kwa nini watu hawaichoki, na hadithi ni ile ile, muziki ule ule. Ukanijibu, "Kwa sababu kila mwaka watoto ni wapya."

Halafu wanaingia panya, watoto waliovalishwa masikio na mikia, kupigana na askari wa mbao, na wewe unainama mbele mpaka mtu wa nyuma ananung'unika. Wenzako wote wanasubiri theluji ianguke jukwaani. Wewe unawalilia panya. Nami nimekushika mkono, najiona nina bahati kuwa na baba anayelizwa na muziki.

Nadia alikuwa mmoja wa panya hao, kule Leningrad. Alikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, na wewe ulikuwa umekaa na mama yake ukimpigia makofi. Mwaka uliofuata ukarudi nyumbani Unguja, ukamwahidi utakuwepo Desemba akicheza tena. Ukatuma kadi mbili tatu. Ukanyamaza. Hata ulipokimbilia huku London, simu zilikuwepo, Baba. Ndege zilikuwepo. Ukaona bora ukae gizani uwalilie watoto wa watu.

Juzi amerudi London, akataka twende wote kuitazama. Nikakataa. Kisha nikanunua tiketi. Panya walipoingia akasimama, akatoka akikanyaga miguu ya watu. Nikamfuata. Tukakaa kwenye ngazi, muziki unasikika nyuma ya mlango.

"Nilicheza tena ile Desemba," akaniambia. "Nilikosea hatua zote. Nilikuwa namtafuta kwenye viti. Wakanitoa."

Nilitaka kukutetea, maana ndiyo mazoea yangu. Mdomo ukakataa. Na nilimwonea wivu, hilo pia ulijue. Machozi yote yale yalikuwa yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafuta.

Nilipomweleza Mama, alikunja kanga yake, akaikunjua. Kisha akasema, "Mwambie aje ale." Kesho anakuja. Vitunguu vya pilau vimeshakatwa.

Basi, Baba, nakuaga. Mungu akurehemu. Namwomba kwa moyo wangu wote, maana Yeye anaweza, mimi bado. Lakini nakuahidi jambo moja. Jiwe la kaburi lako halijaandikwa. Fundi anasubiri majina ya watoto. Nitampelekea mwenyewe, na hakuna wa ukoo wako atakayenizuia. Nadia, kisha mimi. Ndivyo tulivyozaliwa.

Rahma