Blanketi yenye mifuko

Baba Umutoni,

Mi nimevuka mupaka kwenda Goma. Maharage iko jikoni, ongeza chumvi tu. ~~Usimuamshe mama yako.~~ Muamshe, akuonyeshe mwenyewe.

Ile blanketi niliyoishona na majinzi ya zamani, ukaicheka, eti blanketi gani iko na mifuko, leo asubuhi baridi ya ziwa ilipozidi nilimufunika mama yako nayo. Akaingiza mikono mifukoni, na rozari yake akaiweka humo. Nilipotaka kuikunja akanipiga mukono. Na dada yako Épiphanie, aliyecheka kukushinda, alipopita kumusalimia ameomba nimushonee yake. Bon, ndiyo maana nimeenda kutafuta majinzi mengine sokoni.

Ile jinzi yako unayoitafuta tangu Pasaka, acha kuitafuta. Rozari iko katika mufuko wake.

Mama Umutoni