Nyumba ya tatu ya kila avenyu

Papa Anselme,

Ni wiki ya tano tangu tulipokuzika, na kiti chako hapa biro ya kartie, ofisi ya mtaa wetu, nimekikalia mimi. Sikukiomba. Walisema wewe ndiye uliyenifundisha Kiingereza, basi karatasi za Kiingereza zije kwangu.

Unakumbuka nilivyosema "third" maana yake ni tatu? Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Mutoto, tatu ni kundi. Third ni mutu moja anasimama kwa mustari." Sikukosea tena. Ndiyo sababu nilijiamini.

Jumatatu wakubwa wapya wa mji walileta tangazo. Wanataka nyumba za kulaza watu wao. Zihamwe kabla ya Ijumaa asubuhi, na atakayekutwa ndani atajibu mwenyewe. Waliandika "every third house". Nikaiona "third", nikamwona yule mtu wako mmoja. Nikatafsiri: nyumba ya tatu ya kila avenyu. Shefu wa kartie akapiga muhuri, tukabandika mtaa mzima wa Keshero.

Papa, haikuwa hivyo. Jana askari wao alipita avenyu yetu na chaki. Mbili akaziacha, moja akaiwekea alama. Mbili, alama. Ya tatu, ya sita, ya tisa, mpaka karibu na ziwa. Hiyo "every" inamrudisha yule mtu mmoja tena na tena. Labda ulinifundisha siku niliyokuwa mgonjwa.

Wa nyumba ya tatu wamehama. Wengine wenye alama hawajui kitu. Mama Riziki wa nyumba ya sita aliniita akicheka: "Karani, hii chaki ni ya chanjo? Batoto bangu balishachanjwa bote." Binti yake amejifungua juzi. Nikamjibu sijui. Nilijua.

Nikaenda kwa shefu. Hakuinua kichwa. "Karatasi iko na muhuri yangu. Ukisema ulikosea, nani atajibu? Nyamaza."

Kesho ni Ijumaa. Tangu asubuhi gari la askari wao limesimama kwenye kona, injini inanguruma, hakuna anayeshuka.

Pumzika, Papa. Ni saa tisa mchana. Nakuahidi nitabisha kila mlango wenye alama kabla jua halijazama, hata ule ulio mbele ya gari. Wakiuliza nani alitafsiri, sitataja shefu, sitakutaja wewe. Nitasema ni mimi.

Mwanafunzi wako,
Espoir